Kukadiria Asubuhi

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyelichorea jua njia yake na kuupangia mwezi vituo vyake, akawapa waja nyakati ili wamkumbuke, na akawapa subira kwa zile siku ambazo nyakati hazionekani. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na kila aliyefuata uongofu. Nimeishi Stockholm zaidi ya nusu ya umri wangu, na mengi niliyoyaona humo sikuyaandika kwa kuwa yalitosha kuonwa. Hili moja naliandika kwa sababu lilianza na kitabu, na ni haki lirudi kitabuni.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha safari. Mwandishi wake alikuwa kasisi kijana wa karne ya kumi na nane, aliyetumwa kutoka kusini mwa Uswidi kwenda kaskazini kabisa, na saa kubwa ya pendulamu ndani ya sanduku, ili apime mwendo wa jua. Alikaa huko mwaka na ushei, akarudi, akaandika. Jina lake silitaji, maana hata sisi hatukulitaja. Tulimwita Msafiri tu, kama jirani anayekaa ghorofa ya juu.

Nasema sisi. Waswidi wana desturi nzuri ambayo kwingine sikuikuta. Watu wachache wakitaka kujifunza jambo, lolote lile, hukutana mara moja kwa wiki, huweka kahawa mezani, wakasoma pamoja bila mtihani wala cheti. Wanaiita studiecirkel. Yetu ilikuwa katika chumba cha nyuma cha maktaba kule Tensta, kila Alhamisi mchana, na lugha yake ilikuwa Kiswahili. Tulianza wengi. Kulikuwa na Wakenya, Wakongomani, hata Mganda mmoja aliyekuja kwa ajili ya mikate ya mdalasini na kusema hivyo bila haya. Baridi ilipoingia tukabaki watatu.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu, mama wa Kiswidi aliyestaafu, ambaye ujanani alifundisha miaka kadhaa Singida. Kiswahili chake kilinyooka kama mistari ya daftari. Hakikuwa na kosa wala haraka. Yeye ndiye aliyesoma kitabu kwa Kiswidi cha kale na kutufasiria sentensi baada ya sentensi. Wa pili alikuwa Katekista, mzee wa Kirundi, Mkatoliki, mkazi wa Hjulsta, kituo kinachofuata baada ya Tensta na cha mwisho kwa treni. Wa tatu mimi, mtu wa Tanga, niliyekuja huku zamani kujifunza mitambo ya uchapaji na nikasahau kurudi. Kwa kuwa Ijumaa niliwaswalisha wenzangu katika chumba cha chini ya jengo letu, Katekista aliniita Shehe. Nilimwambia mara nyingi kwamba mimi si shehe. Akajibu kwamba yeye naye si katekista tena, lakini mbona simwiti kwa jina lake.

Siku moja ya vuli Mwalimu alitusomea Msafiri alipofika kwenye maporomoko ya maji.

“‘Nikasimama juu ya jabali,’” alifasiri, kidole chake kikifuata mstari, “‘na maji yakaanguka chini yangu kwa ngurumo. Moyo wangu ukashikwa na hofu, na ndani ya hofu ile mlikuwa na utamu. Nikauona udogo wangu, na nikafurahi kuwa mdogo.’”

Katekista aliinua mkono kama mwanafunzi. “Samahani, Mwalimu. Mizigo ilikuwa wapi?”

“Mizigo gani?”

“Ile saa. Lile sanduku. Mtu aliyelibeba alikuwa wapi wakati huyu anafurahi kuwa mdogo?”

Mwalimu alirudi nyuma ukurasa mmoja, akatafuta. “Wapagazi walikuwa wanne. Anasema walikaa kando, wakala samaki mkavu.”

“Walimbakishia?”

“Hilo hajaandika.”

“Basi hawakumbakishia,” alisema Katekista, akajimiminia kahawa.

Tulicheka, na Mwalimu alicheka kuliko sisi. “Weye unasoma kama afisa wa forodha,” alimwambia, akiiga ile weye ya Kirundi. Kisha alitueleza kwamba wasafiri wa karne ile walikuwa wakitafuta mahali pa namna hiyo: milima, mapango, barafu, mahali ambapo mtu hutetemeka na hataki kuondoka. Walikuwa na neno lake. Akatuuliza Kiswahili chake ni nini. Mimi nilisema kicho. Katekista alisema yeye amepita milimani usiku akiwa amebeba mtoto, na neno lake analijua, ila si la mezani. Mwalimu akaandika kicho ubaoni, akaacha nafasi chini yake.

Niliondoka siku ile nikifikiri kwamba wote wawili walikuwa na haki. Anayebeba sanduku hutazama mguu wake unapokanyaga, na hiyo ni ibada pia. Lakini sikuweza kumdharau Msafiri. Mtu akisimama mahali akamkumbuka Muumba wake, sisi ni nani tumuulize nani alishika mizigo?

Sasa nimweleze Katekista, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Kwao Burundi alikuwa katekista na mpiga kengele wa kigango, kanisa dogo la kijijini. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na nyundo yake kipande cha nondo. Hakuwa na saa. Alipiga asubuhi jua linapochomoza, na kilima chote kikajua siku imetolewa. Vita vilipowafikia alikimbia na binti yake mdogo. Usiku wa mwisho kabla ya kuvuka kuingia Tanzania walijificha kwenye matete, majini hadi kifuani, na kulipokucha jua lilichomoza, naye hakuthubutu hata kukohoa. Hiyo ilikuwa asubuhi yake ya kwanza bila kengele. Mama wa mtoto hakuvuka. Palepale majini Katekista aliweka nadhiri: kila asubuhi Mungu atakayomwonyesha jua, ataipigia kengele, popote alipo, mpaka afe.

Kambini Kigoma hapakuwa na ringi, akapiga mfuniko wa sufuria kwa kijiko. Mfuniko huohuo alikuja nao Uswidi. Alinionyesha: wa bati zito, umebonyea katikati, kishikio chake kimefungwa waya. Kila asubuhi alisimama kwenye roshani yake ghorofa ya nne kule Hjulsta, akasubiri jua litokeze juu ya mapaa, akapiga mapigo matatu.

Majira ya baridi hakuna aliyemsikia, maana jua huchomoza karibu saa tatu, watu wameshakwenda kazini. Msiba ulikuja na Juni. Juni ya Stockholm jua hutoka saa tisa na nusu za usiku. Jirani wa chini yake, dereva wa basi, alivumilia wiki nzima, kisha akapanda ngazi akiwa amevaa nguo za kulalia.

“Mzee, unapiga nini?”

“Kengele.”

“Kwa nini saa hizi?”

Katekista alimwonyesha nje kwa kijiko. “Jua limetoka.”

“Jua linafanya zamu ya usiku!” alisema dereva. “Mimi hapana!”

Binti wa Katekista alisuluhisha kwa kuvingirisha kijiko kwa kitambaa. Tangu hapo mapigo ya kiangazi yalisikika chumbani mwake tu, mazito, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa mbao. Dereva akawa rafiki. Ndiye aliyekuja kumfundisha mabasi yote ya Spånga, eneo la jirani.

Katikati ya baridi tulifika mahali ambapo saa ya Msafiri ilisimama. Mwalimu aliisoma sehemu hiyo taratibu kuliko kawaida. Mafuta ya mashine yaliganda, pendulamu ikanyamaza. Jua lilikuwa limeshaaga, halingerudi kabla ya majuma kadhaa. Mchana kulikuwa na mwanga wa buluu uliotoka kusikojulikana, ukakaa kidogo, ukaondoka. Msafiri alianza kuhesabu siku kwa usingizi wake, lakini aliugua, akalala asijue ni mara ngapi. Alipoona imetosha, aliwakusanya wenyeji wake akawasomea ibada ya Noeli. Baadaye mtu alikuja na kigari cha theluji kutoka kusini, ndipo Msafiri akatambua kwamba Noeli aliyoisoma haikuwa siku yake.

“Halafu anaandika hivi,” alisema Mwalimu. “‘Katika siku zile zisizo na hesabu sikuwa mahali popote, na Mungu alikuwa karibu. Wakati ulilala mbele yangu kama ziwa lililoganda, nikatembea juu yake bila kuzama.’”

Nje theluji ilikuwa ikianguka, lakini ile ilianguka kila Alhamisi mwezi ule. Sikuona maporomoko yoyote ya maji, na bado nilihisi nywele za mikono zikinisimama. Nilifikiri: alitembea mwaka mzima akitafuta mahali pa kutetemeka, akapata pale alipoacha kupima.

“Noeli ile,” aliuliza Katekista, “ilipokelewa?”

Mwalimu alifunua ukurasa. “Hasemi.”

“Hasemi kabisa?”

“Ukurasa unaofuata ni habari ya ngozi za paa wa kaskazini na bei zake.”

Katekista hakutania. Alikizungusha kikombe chake mezani, akakizungusha tena. Mwalimu alipokwenda kuosha chupa ya kahawa ndipo aliponiambia.

Binti yake alikuwa amehitimu uuguzi, na hospitali moja ya kaskazini kabisa, huko huko kwa Msafiri, ilimpa kazi ya kudumu. Stockholm alikuwa amepata vibarua tu, wiki hapa, mwezi pale. Angehama baada ya kiangazi pamoja na mtoto wake. Alimtaka baba yake waende wote.

“Na weye umesemaje?”

“Nimesema nitafikiri. Shehe, mimi nimeahidi asubuhi. Sasa nikaishi mahali Mungu hatoi asubuhi? Mwezi mzima nikae na mfuniko mkononi?” Alishusha sauti. “Hapa napajua. Jua linachelewa, lakini linakuja. Kule nitakuwa kama siku ile ya matete. Limechomoza mahali fulani, na mimi siwezi kupiga.”

“Usipokwenda?”

“Hatakwenda. Ananijua. Atasema anapenda Stockholm.”

Hilo ndilo lililokuwa mizani. Upande mmoja nadhiri aliyoiweka majini kwa ajili ya mtu aliyebaki ng'ambo. Upande wa pili mkate wa mtoto aliyevuka naye.

Niliogopa kumjibu kwa haraka jambo la nadhiri, tena nadhiri ya dini isiyo yangu.

Siku chache baadaye binti mwenyewe alinikuta kwenye duka la mboga la Tensta, akinunua ndizi za kupika. Mtoto wake wa miaka sita alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, akimjibu mama yake kwa Kiswidi kila alichoambiwa kwa Kiswahili.

“Baba mkubwa, shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia una kazi. Hongera.”

“Asante. Sijaisaini.” Alizigeuza ndizi, akazirudisha. “Baba amekwambia?”

“Ameniambia.”

“Basi mwambie wewe. Mimi akiniambia neno moja la asubuhi, nanyamaza. Nilikuwa mgongoni mwake siku ile. Nitamwambiaje kwamba mfuniko si kitu?” Alicheka kidogo, bila furaha. “Na kumwacha siwezi. Nikimwacha atakula mkate na chai miezi sita.”

Mtoto aliuliza kwa Kiswidi kama morfar, yaani babu mzaa mama, anakuja. Mama yake alimwambia ashuke kwenye mchele wa watu.

Usiku wa kuamkia Alhamisi iliyofuata, baada ya swala, nilimkumbuka maalimu wangu wa Tanga. Alikuwa mtu mkimya, mwenye kikohozi, na fimbo aliyoitumia kuonyesha mistari tu. Tulipofika mlango wa nyakati za swala, alitusomesha mas'ala ya nchi ambazo usiku wake haukamiliki, au mchana wake hauishi. Tulicheka, watoto wa pwani. Mmoja akauliza, “Maalimu, nchi hizo ziko wapi?” Naye akajibu kwamba hajui, hajafika, lakini swala imeshafika. Kisha akatufundisha kauli za wanazuoni: wako waliosema alama isipoonekana, mtu akadirie, na wako waliosema afuate mji ulio karibu naye zaidi ambao alama zake zinaonekana. Tulikariri tukicheka. Miaka ilipita, nikajikuta Stockholm mwezi wa Juni, wekundu wa magharibi haupotei hadi alfajiri inaukuta, na watu chumbani mwetu wanagombana Isha iswaliwe lini. Nilimwombea maalimu rehema. Elimu aliyonipa licha ya dhihaka zetu ilikuwa imenisubiri kwenye baridi kama koti.

Nilikwenda maktaba mapema. Katekista alikuwa ameshafika.

“Nadhiri yako ni ya kuliona jua, au ya kushukuru?” nilimuuliza.

“Una kesi, Shehe?”

“Jibu.”

Alifikiri. “Ya kushukuru. Jua ndilo linaloniambia: sasa.”

“Basi sikiliza tunavyofanya sisi.” Nikamweleza kukadiria, nikamweleza mji ulio karibu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha macho yake yakachangamka, nikajua utani umerudi. “Nyinyi Waislamu mnaswali kwa saa ya ukutani. Siku zote nilijua.”

“Na nyinyi Noeli yenu mliiona kwa macho?”

“Yezu na Maria!” alisema, akagonga meza. Mwalimu aliyekuwa akiingia aliuliza kuna nini. Tukamwambia kuna dini.

Lakini Katekista hakuwa amekubali. Tulipomaliza kusoma alinishika kiwiko mlangoni. “Hiyo ya kukadiria kwa kalenda siwezi. Nikitazama karatasi iliyochapishwa ikaniambia limechomoza saa fulani, nitapiga mfuniko kwa ajili ya karatasi. Kengele inataka jicho. Mtu aone, mtu apige.”

“Jicho gani? Kule halitaonekana.”

“Si lazima liwe langu,” alisema.

Tulitazamana. Alijua, kwa kuwa nilimwambia zamani, kwamba mimi baada ya swala ya alfajiri hukaa palepale kwenye mswala nikimtaja Mungu mpaka jua litoke, kisha huswali rakaa mbili ndipo ninywe chai. Ni sunna niliyoishika tangu nistaafu. Stockholm wakati wa baridi kikao hicho ni kirefu, na nyumba ni kimya, na dirisha langu linatazama mashariki.

“Nitakupigia simu,” nilisema.

“Kila siku?”

“Mimi nipo macho. Gharama yangu ni kidole tu.”

Binti alisaini kazi wiki ile.

Waliondoka mwisho wa kiangazi kwa treni ya usiku. Mwalimu alimfungia mikate ya mdalasini, na dereva wa basi alibeba mabegi. Mfuniko Katekista aliubeba mwenyewe, ndani ya koti, na ulimfanya aonekane mnene. Aliniambia, “Shehe, usilale.” Nikamwambia, “Na wewe usipige kabla sijasema.” Hayo ndiyo yalikuwa maagano yetu.

Vuli nzima hakunihitaji. Jua la kule lilizidi kuwa fupi, lakini lilikuwapo, naye alipiga mwenyewe. Mara moja moja alinipa habari: theluji imefika, mjukuu amejifunza kuteleza kwa skii, jirani ni mwanamke mzee anayefuga mbwa watano na hasikii vizuri, alhamdulillahi. Neno hilo alilitumia ili kunichokoza. Kisha Desemba siku moja akasema, “Leo limechungulia, halikutoka. Kesho ni zamu yako.”

Kesho yake nilikaa dirishani na simu kando ya mswala. Nimeketi kikao kile miaka mingi, lakini sikuwahi kukikalia kwa niaba ya mtu. Nilijikuta nayatazama mambo niliyokuwa nayapita tu: dirisha moja katika jengo la mbele linawashwa, kisha jingine; magari yamevaa theluji; mbingu inatoka weusi, inaingia rangi ya chuma. Kisha upande wa kusini-mashariki, juu ya paa, ukingo ukaungua.

Nikapiga simu. Iliita mara moja.

“Limechomoza,” nilisema.

“Umeliona?”

“Nimeliona. Linatoka nyuma ya bomba la moshi.”

“Huku giza,” alisema. “Ngoja nitoke nje.”

Nilisikia mlango, kisha hatua kwenye theluji kavu, kelele kama ya mtu anayetafuna bisi. Kisha hakuna. Kisha mapigo matatu ya mfuniko, bila kitambaa, yenye ule mtikisiko wa bati mwishoni. Yalikwenda mbali. Nilisikia yakienda, na nilisikia mahali yalipokwisha, na baada ya hapo nikasikia kilichobaki kule: ukimya mpana kuliko wowote niliowahi kuusikia, na ndani yake pumzi ya mzee mmoja. Moyo wangu ulishikwa. Nilikuwa nimesimama sebuleni kwangu Tensta kwa soksi, na jua la manjano likinipiga usoni, nikajua Msafiri alikuwa akisema nini.

“Asante, Shehe,” alisema. “Kanywe chai.”

Tulifanya hivyo kila siku. Siku nyingi Stockholm ilikuwa na mawingu, na hapo ndipo tulipobishana.

“Umeliona?”

“Wingu. Lakini ukuta wa jengo la mbele umerudi kuwa wa njano.”

“Njano ya taa au njano ya jua?”

“Taa zimezimwa.”

“Una uhakika, au unakadiria?”

“Nakadiria.”

“Haya,” alisema kwa sauti ya mtu anayesamehe. Na akapiga.

Kuna siku niliugua mafua, sauti ikanikauka. Nilipiga simu, nikaigonga kwa ukucha mara tatu. Alielewa. Noeli ilipofika alinipigia jioni kunieleza kwamba kanisani kwao waliimba kwa lugha mbili za kaskazini ambazo hazijui, na kwamba alimkumbuka Msafiri. “Mimi naamini ilipokelewa,” alisema. Sikuuliza ni nini. Nilisema nami naamini.

Mwalimu nilimwona Alhamisi, sasa tukiwa wawili na kitabu. Nilimweleza habari za mfuniko. Alinisikiliza akiwa amevua miwani, kisha akasimama akaliendea neno kicho alilokuwa ameliandika tena ubaoni, na chini yake, pale alipoacha nafasi, hakuandika kitu. Akarudi kukaa, tukaendelea na ngozi za paa.

Januari ilikuwa ya mawingu tupu. Siku moja nilimpa Katekista asubuhi yake kwa ukuta wa njano kama kawaida, nikaswali rakaa zangu, nikanywa chai, nikaanza kuchambua maharage. Kabla ya adhuhuri simu ikalia. Nilidhani ni zahanati.

“Shehe.” Alikuwa anahema. “Uko dirishani?”

“Niko jikoni.”

“Nenda dirishani. Unaona nini?”

Nilikwenda. “Wingu. Tangu juzi.”

“Huku limetoka,” alisema. “Kipande tu. Kama ukucha wa mtoto mchanga. Liko juu ya kilima, jekundu, theluji yote imekuwa ya waridi. Binti yangu ametoka zamu, amesimama hapa na viatu vya hospitali. Analia, mjinga huyu. Sasa nyamaza, usikate.”

Niliegemea kioo cha dirisha. Mbele yangu hapakuwa na kitu ila kijivu, na jengo la mbele, na mwanamke anayevuta mtoto kwenye kigari cha theluji. Kisha mapigo matatu yakaja kutoka kaskazini, na safari hii nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamke ikisema baba, na mtoto akicheka kwa Kiswidi. Sikuliona jua siku ile wala mbili zilizofuata. Lakini nilikuwa nimepewa asubuhi ya pili ndani ya siku moja, na aliyenipigia kengele alikuwa yeye. Niliswali rakaa mbili nyingine, za shukrani, huku maharage yakinisubiri.

Aliporudi kwenye simu alikuwa ameshaanza wasiwasi mpya.

“Sasa niambie. Wanasema Juni huku halizami kabisa. Linazunguka tu kama kuku aliyefungwa. Lisipozama, litachomoza lini? Nitapiga lini?”

“Tutakadiria,” nilimwambia.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe asubuhi unayoiona na akupe shukrani kwa ile usiyoiona. Akikuweka mahali ambapo jua limefichwa, akujaalie mtu wa mji wa karibu aliye macho kwa ajili yako; na wewe ukiwa kwenye mwanga, asikusahaulishe wa gizani anayesubiri neno lako. Amina.